Kupima Nafasi ya Ualimu katika Shule Mbadala Ukiwa na Mtoto Mchanga

Nafasi ya kufundisha katika shule mbadala humfikia mama aliyejifungua ikiwa na sura ya kuvutia: vipindi ni vichache kuliko shule ya kawaida, masomo huanza mchana, na mkuu wa kituo anasema bila kusita kwamba mtoto si tatizo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima nafasi hiyo kabla ya kuweka saini, na umeandikwa hasa kwa mwalimu aliye Tanzania Bara, pamoja na maneno machache kwa aliye Kenya. Unashikilia kwamba kipimo cha kwanza ni saa, yaani mtoto atakuwa wapi na mikononi mwa nani katika kila saa utakayokuwa darasani, na kipimo cha pili ni karatasi, yaani mkataba. Uzuri wa kazi yenyewe, ambao ni wa kweli, upimwe baada ya hayo mawili, kwa sababu ukitangulizwa huyafunika yote.

Jua kwanza ni shule mbadala ya aina gani

Jina hili hubeba vitu vingi visivyofanana. Kuna madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambayo huwapokea watoto wasiozidi miaka 13 katika kundi la kwanza na vijana wa miaka 14 hadi 18 katika kundi la pili, na ambayo mara nyingi hukaa ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya kawaida. Kuna vituo vya sekondari nje ya mfumo rasmi vinavyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako mwanafunzi hupitia kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha humaliza kidato cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo ni 54 nchini, na ambavyo baadhi yake huunganisha masomo ya sekondari, ufundi na malezi ya watoto chini ya programu ya Elimu Haina Mwisho. Na kuna shule binafsi zinazojiita mbadala kwa sababu ya mbinu za ufundishaji, zikiwamo za Montessori, ambazo kwa ratiba na ada zake hazitofautiani sana na shule nyingine binafsi za mjini.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa kwa mama anayenyonyesha. Darasa la MEMKWA huweza kumalizika adhuhuri, ilhali kituo cha sekondari nje ya mfumo rasmi huweza kutumia vyumba vya kuazima ambavyo havipatikani mpaka wanafunzi wa kawaida watoke, kwa hiyo kipindi cha kwanza huanza saa nane au saa tisa mchana na cha mwisho humalizika jua likikaribia kuzama. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kina majengo yake na pengine bweni, jambo linalomaanisha kwamba zamu za walimu huendelea baada ya masomo. Kwa hiyo, ukiitwa kwenye usaili, swali lako la kwanza lisihusu mshahara. Omba kuoneshwa ratiba ya wiki nzima, ile iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya walimu, na usiridhike na maelezo ya mdomo.

Saa za kituo na saa za mtoto

Chukua ratiba hiyo nyumbani na uandike pembeni yake siku ya mtoto wako: anaamka lini, ananyonya mara ngapi, analala saa ngapi, na ni nani aliyepo nyumbani katika kila muda. Watu wengi hulifanya zoezi hili kichwani tu, na kichwani kila kitu huonekana kinawezekana. Likifanywa kwa kalamu huonyesha mara moja mahali ratiba mbili zinapogongana, na kwa kawaida mgongano huo huwa jioni. Watoto wengi wachanga, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, hulia zaidi na hutaka kunyonya mfululizo nyakati za jioni, na huo ndio muda ambao kituo cha mchana bado kina vipindi, na ambao daladala hujaa kiasi kwamba mwendo wa nusu saa hugeuka kuwa wa saa moja na nusu. Nafasi inayosemwa kuwa ya vipindi vinne tu kwa siku huweza kukuondoa nyumbani kwa saa saba, na hizo saba ndizo za kuhesabu.

Upande wa pili wa jambo hili nao usisahaulike. Iwapo baba wa mtoto hurejea kutoka kazini saa kumi jioni, au bibi wa mtoto huwa huru mchana baada ya shughuli za sokoni, kazi ya mchana huweza kukufaa kuliko ile ya asubuhi, kwa kuwa unampa mtoto asubuhi nzima na unamwacha na mtu wa damu yake badala ya kumwachia dada wa kazi aliyeletwa wiki iliyopita. Mazungumzo na mwenzi wako yafanyike kwa saa mahususi. Kauli ya kwamba atasaidia haitoshi; kinachotakiwa ni kujua kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atakuwa nyumbani kabla ya saa kumi na moja, na kwamba asipoweza atamwita nani.

Kisha kuna suala la maziwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, na likizo ya uzazi ya kisheria ya siku 84 humalizika kabla ya nusu ya muda huo. Mama anayerudi kazini wakati huo atalazimika kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa takribani saa nne katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne ndani ya friji. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, ambako joto la mchana wa Januari huvuka nyuzi 30, muda wa saa nne usitegemewe, na maziwa yawekwe kwenye chombo chenye barafu tangu yanapokamuliwa. Vituo vingi vya elimu mbadala havina friji, vingine havina hata chumba chenye mlango unaofungwa. Uliza ni wapi utakamulia, na uombe kuoneshwa mahali penyewe. Jibu la kwamba utatumia choo cha walimu lihesabiwe kuwa hapana.

Jambo jingine linalopitwa kirahisi ni kliniki. Siku 84 ni wiki 12 kamili, na chanjo za mtoto hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ya surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Hata kama ulianza likizo siku ya kujifungua, chanjo ya wiki ya 14 itaangukia baada ya kurejea kazini; na kama uliianza wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyoruhusu, mtoto atakuwa na wiki nane tu siku utakaporudi, hivyo utahitaji ruhusa mara mbili ndani ya muda mfupi. Angalia kadi ya kliniki, andika tarehe, na uzitaje kabla ya kuanza kazi. Mkuu wa kituo anayeambiwa mapema hupanga mtu wa kushika darasa. Anayeambiwa asubuhi ya siku yenyewe hukasirika, na kwa haki.

Darasa utakalolikuta

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na waraka wa elimu ukafuata kuweka utaratibu. Kabla ya hapo, msichana aliyejifungua alibakiwa na njia mbadala peke yake. Ruhusa hiyo ni hatua kubwa, lakini haikuviondoa vituo, kwa sababu wapo wasichana ambao umri umewapita, wengine ambao hawana wa kuwaachia mtoto asubuhi, na wengine ambao hawataki kukaa dawati moja na waliowacheka. Hao ndio watakaokuwa mbele yako, na wengi wao watakuwa na watoto wa umri wa mtoto wako.

Hili huwavuta sana walimu waliojifungua karibuni, na ni kweli kwamba mwalimu anayenyonyesha hueleweka haraka katika darasa la namna hiyo. Hata hivyo linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Msichana wa miaka 17 aliyeachwa na mwanamume, anayelala chumba kimoja na wadogo zake na anayebeba mtoto mgongoni hadi kituoni, atakusimulia mambo ambayo hayamalizwi kwa dakika kumi za mapumziko. Mengine ni ya ukatili, na mengine ni ya kesi ambazo hazikufika polisi. Mwalimu ambaye mwili wake bado haujapona, anayeamka usiku mara tatu, hubeba masimulizi hayo kwa uzito tofauti na alivyokuwa akiyabeba kabla ya kuzaa. Ikiwa tangu ujifungue umekuwa na huzuni isiyokwisha, hofu nyingi au kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuamua juu ya kazi yoyote, na hii hasa. Sonona baada ya kujifungua hutibika, lakini haitibiwi kwa kujishughulisha zaidi.

Uliza kama kituo kina mshauri nasaha, au angalau mwalimu mwingine anayepokea masuala hayo. Kama jibu ni kwamba kila mwalimu wa kike ni mshauri, elewa kwamba umeajiriwa kazi mbili kwa malipo ya moja.

Ufundishaji wenyewe pia una mzigo usioonekana kwenye ratiba. Darasa moja la elimu mbadala huweza kuwa na mwanafunzi aliyeacha shule kidato cha tatu na mwingine aliyeishia darasa la saba miaka mitano iliyopita, na mtaala wa miaka minne umebanwa kuwa miwili. Azimio la kazi haliwezi kunakiliwa kutoka shule ya kawaida. Utalazimika kuchagua nini kifundishwe kwa kina na nini kipitiwe, kuandaa kazi za viwango viwili au vitatu kwa somo moja, na kusahihisha kwa namna inayomfundisha yule ambaye hatakuwepo kesho kwa kuwa mtoto wake ana homa. Mwenye uzoefu wa miaka kadhaa katika somo lake atayamudu haya. Mwalimu mpya kabisa, aliyemaliza chuo mwaka jana na kujifungua mwaka huu, ningemshauri aombe vipindi vichache kuliko anavyopewa, au aanze kwa somo moja tu, maana maandalizi yote yatafanyika usiku na usiku tayari una mwenyewe.

Baadhi ya vituo vina chumba cha kulelea watoto, na hapa ndipo shule mbadala inapoweza kushinda shule ya kawaida kwa mbali. Kabla ya kufurahi, tembelea chumba hicho wakati kinatumika. Hesabu watoto na walezi. Angalia mahali pa kunawia mikono, mahali pa kubadilishia nepi, na kama mtoto anayekohoa hutengwa na wengine au hulazwa kwenye mkeka uleule. Mtoto aliye chini ya miezi tisa bado hajapata chanjo ya surua, na chumba kilichojaa watoto kutoka mitaa kumi tofauti si mahali pa kumpeleka bila kufikiri. Uliza pia kama nafasi ya mtoto wa mwalimu imo kwenye mpango wenyewe au ni hisani ya mkuu wa sasa, kwa kuwa programu nyingi za aina hii zilikusudia watoto wa wanafunzi, na siku chumba kikijaa, wa mwalimu ndiye atakayeondolewa kwanza. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mkataba, na posho inayojificha ndani yake

Hapa ndipo ninapoona walimu wengi wanaingia macho yamefumbwa. Mwalimu wa kituo mbadala mara nyingi huitwa mwezeshaji, na jina hilo huweza kuwa la heshima tu au likawa na maana kwamba hakuna ajira, kuna posho kwa kila kipindi. Tofauti yake ni kubwa. Anayelipwa posho huenda asikatiwe michango ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na michango hiyo ndiyo inayojenga haki ya pensheni na ya fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti. Wakati wa likizo za shule halipwi, na akiugua au mtoto akiugua, siku hiyo haipo kwenye hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inampa mama likizo ya uzazi ya malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Inakataza kumrudisha kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Na inataja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuwa sababu ya ubaguzi kazini. Haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na anayefundisha Unguja au Pemba aisome hiyo.

Zipo pia sehemu za sheria ambazo waajiri huzijua na walimu hawazijui. Mwajiriwa mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo, na ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo haimfikii kabla ya kutimiza miezi sita. Kwa lugha ya nyumbani: ukiacha kazi ya zamani leo na kuanza mpya kesho, nusu mwaka wa kwanza utakuwa bila siku nne za malipo ambazo sheria hutoa za kumuuguza mtoto, na ukipata ujauzito mwingine mapema, likizo yako ya uzazi itategemea tarehe uliyoanza kazi. Mama ambaye bado yuko ndani ya likizo ya uzazi ya mwajiri wa zamani ana kitu mkononi, na asikiachie kwa ahadi ya simu.

Kwa aliye mtumishi wa umma, maoni yangu ni makali zaidi. Usijiuzulu ualimu wa serikali kwa ajili ya nafasi ya mradi katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Kurudi katika utumishi wa umma baada ya kujiuzulu huhitaji kibali na kungoja, wakati miradi ya elimu mbadala ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Mradi mkubwa wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ambao ndani yake kulikuwa na njia mbadala kwa wasichana waliokatiza masomo, uliidhinishwa mwaka 2020 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, na hata mradi wa ukubwa huo ulikuwa wa muda maalumu. Uliza basi, bila kuona haya: fedha za nafasi hii zinatoka wapi, na zinaishia mwezi gani? Wapo wanaochukua njia ya tatu, ya kubaki shule ya kawaida asubuhi na kuwezesha kituoni jioni kwa posho. Kwa mama wa mtoto mchanga hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani inachanganya uchovu wa kazi mbili na kumnyang'anya mtoto asubuhi na jioni kwa siku moja.

Hesabu ya fedha kwa mwaka mzima

Fanya hesabu kwa mwaka, usiifanye kwa mwezi. Tuseme kituo kinakupa shilingi 10,000 kwa kipindi na una vipindi 12 kwa wiki. Kwa mwezi wa wiki nne hiyo ni shilingi 480,000, na ndiyo takwimu utakayotajiwa kwenye usaili. Lakini mwaka wa masomo una siku 194, ambazo ni kama wiki 39, kwa hiyo mapato ya mwaka ni shilingi 4,680,000, na yakigawanywa kwa miezi 12 yanakuwa shilingi 390,000. Kutoka hapo ondoa nauli, malipo ya dada wa kazi au ya kituo cha kulelea watoto, ambayo hayasimami shule zikifungwa, na gharama ya chakula cha mtoto akifikisha miezi sita. Ondoa pia kipindi kimoja au viwili kwa mwezi ambavyo hutafundisha kwa sababu ya homa ya mtoto. Baki inayopatikana huweza kuwa ndogo kiasi cha kushangaza, na bado ikafaa, kama shabaha yako ni kubaki ndani ya taaluma na kulinda uzoefu wako. Ila ni lazima uwe umeiona kabla ya kuamua.

Nafasi yenye mshahara mdogo lakini wa miezi 12, pamoja na michango ya NSSF na bima ya afya inayomjumuisha mtoto, mara nyingi huishinda ile ya posho kubwa. Bima hasa. Mtoto wa mwaka wa kwanza huonana na daktari mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba.

Kwa mwalimu aliye Kenya

Nchini Kenya nafasi kama hii mara nyingi iko katika shule za APBET, zile zilizoandikishwa chini ya utaratibu wa elimu ya msingi mbadala, nyingi zikiwa katika mitaa kama Mathare, Kibera na Mukuru. Tofauti ya kupima ni kati ya aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu na aliyeajiriwa na shule yenyewe. Makubaliano ya pamoja ya mwaka 2021 hadi 2025 yaliongeza likizo ya uzazi ya mwalimu wa Tume kutoka siku 90 hadi 120 na ya baba kutoka siku 14 hadi 21, ilhali mwalimu wa shule ya APBET anasimamiwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Katika shule ya mabati yenye vyumba sita, itakubidi ulizungumze jambo hili mapema na kwa upole, pengine ukipendekeza mwenyewe kona inayoweza kuwekwa pazia. Uliza pia kama mishahara hulipwa ada zikiingia, kwa sababu katika shule hizi wazazi hulipa kidogo kidogo, na mwezi wa Januari mshahara huweza kuchelewa.

Kabla ya kutoa jibu

Nenda kituoni mara moja bila kuwa mgeni rasmi, katika saa ileile ambayo ungekuwa ukifundisha, kwa usafiri uleule utakaoutumia. Keti na mwalimu wa kike aliyepo, ikiwezekana mwenye mtoto mdogo, na umuulize faraghani ni lini mara ya mwisho alilipwa, na nini hutokea mtoto wake akiugua. Majibu yake kwa maswali hayo mawili yana thamani kuliko usaili wote.

Kisha andika barua fupi kwa mkuu wa kituo. Mazungumzo ya ana kwa ana yana nafasi yake, na kwa desturi zetu ni vema yatangulie, kwa salamu kamili na shukrani, lakini yaliyokubaliwa yaandikwe. Unaweza kuandika hivi: "Ndugu Mkuu wa Kituo, nashukuru kwa nafasi niliyopewa. Kabla ya kuikubali, naomba tuafikiane kwa maandishi mambo yafuatayo: vipindi vyangu visizidi 12 kwa wiki na visipangwe zaidi ya viwili mfululizo, ili niweze kumnyonyesha mtoto au kukamua maziwa, ruhusa ya kliniki katika tarehe nilizoziorodhesha, na utaratibu wa malipo wakati shule zimefungwa." Kipindi cha sekondari ni dakika 40, hivyo viwili mfululizo ni dakika 80, muda ambao mama wa mtoto wa miezi minne anaweza kuuvumilia. Vinne mfululizo ni karibu saa tatu, na matiti hayatasubiri kengele.

Mkuu anayejibu barua hiyo kwa maandishi, hata akikataa ombi moja, ni mtu unayeweza kufanya naye kazi. Anayesema kwamba sisi hapa ni familia na hatuhitaji karatasi, msikilize kwa heshima, kisha usianze kazi mpaka karatasi ipatikane. Iwapo mgogoro utatokea baadaye, kwa aliye Tanzania Bara, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60, na huko neno familia halina kifungu.

Kama hesabu zimekataa kwa sasa, omba kuanza muhula ujao, au mwezi Januari wanafunzi wapya wanapoandikishwa, badala ya kukataa moja kwa moja. Vituo hivi huhangaika kupata walimu wa hisabati, sayansi na Kiingereza, na mkuu mwenye busara atakubali kungoja miezi mitano kwa ajili ya mwalimu atakayebaki. Wakati huo mtoto atakuwa ameanza uji, usingizi wa usiku utakuwa umerefuka kidogo, na unaweza kujitolea kuandaa moduli au kusahihisha majaribio ukiwa nyumbani kwa malipo mliyokubaliana. Utakapoweka saini, piga picha kila ukurasa wa mkataba hapohapo ofisini, na nakala yako yenye mhuri uondoke nayo siku hiyohiyo.